Simfoni Moja, Rekodi Mbili: Namna ya Kuingia Kwenye Muziki wa Klasiki Usiosikika Sana

Iambie simu ikupigie muziki wa klasiki, na itakuletea majina yaleyale: Mozart, Beethoven, Vivaldi, halafu kipande cha piano cha kubembelezea usingizi. Programu hupendekeza kile ambacho watu wameshakisikiliza, na kazi ambayo haijawahi kurekodiwa haina msikilizaji hata mmoja wa kuhesabiwa. Ndiyo maana rekodi mpya ni mlango mzuri. Kila mwezi okestra na wapiga piano hutoa kazi zilizolala kabatini miaka mia, na nyingi unaweza kuzisikia wiki hiyohiyo ukiwa Mbeya au Muscat.

Tatizo ni wingi. Mtu hupakua albamu kumi, husikiliza kila moja nusu akiwa jikoni, na baada ya mwezi hakumbuki hata moja. Dawa ni kuchukua kazi moja tu, kuisikia hadi uizoee, kisha kufuata njia zinazotoka kwake. Hapa tutatumia Simfoni ya 1 katika E minor ya Florence Price. (Kwa msomaji wa Pwani: "klasiki" hapa ni muziki wa okestra wenye asili ya Ulaya, si zilipendwa.)

Kwa nini Price

Florence Price alizaliwa Little Rock, Arkansas, mwaka 1887, akafariki Chicago mwaka 1953. Simfoni yake ya 1 ilipigwa mara ya kwanza tarehe 15 Juni 1933 na Chicago Symphony Orchestra chini ya Frederick Stock, na kwa mara ya kwanza okestra kubwa ya Marekani ikapiga simfoni ya mwanamke Mweusi. Baada ya kifo chake jina lilififia. Mwaka 2009 watu waliokuwa wakikarabati nyumba iliyotelekezwa huko St. Anne, Illinois, ambayo Price aliitumia majira ya joto, walikuta marundo ya nota zake, zikiwemo konseto mbili za fidla (konseto ni kazi ya mpigaji mmoja mbele ya okestra) na Simfoni ya 4. Rekodi nyingi za Price utakazokutana nazo leo zimetoka baada ya hapo.

Kwa anayeanza, kazi hii ina faida nne. Inachukua kama dakika 40 tu. Sehemu zake nne hazifanani, kwa hiyo hutapotea. Midundo yake si migeni kwa sikio lililokulia kwenye ngoma. Na ipo katika rekodi zaidi ya moja, jambo ambalo ni nadra kwa kazi za aina hii.

Hatua ya 1: Andaa simu na masikio

Usianze na spika ya simu. Spika ndogo hivyo haiwezi kutoa sauti nzito sawasawa. Chini ya hezi 200 au 300 hubaki kivuli tu (hezi zikipungua, sauti inakuwa nzito zaidi). Uzi mnene wa besi ya okestra unashuka hadi hezi 41. Ukisikiliza kwa spika ya simu karibu utamkosa mpiga besi, na ngoma za sehemu ya pili zitakuwa kama mtu anayegonga mlango wa jirani. Hedifoni ya waya ya bei ya kawaida inatosha, mradi izibe sikio vizuri.

Kisha ingia kwenye mipangilio ya programu na uzime vitu vitatu. Cha kwanza ni kuchanganya mpangilio wa nyimbo: simfoni ni kitu kimoja kilichokatwa vipande vinne, na ukianza na cha nne umesoma barua kutoka mwisho. Cha pili ni ule mpangilio unaofifisha wimbo mmoja ndani ya mwingine, kwa sababu unakula mwisho wa sehemu. Cha tatu ni kusawazisha sauti. Mpangilio huu umewekwa kwa ajili ya nyimbo za redio ambazo sauti yake haipandi wala kushuka sana. Kwenye okestra unaweza kubana tofauti kati ya mnong'ono na kishindo, na tofauti hiyo ndiyo muziki wenyewe. Ongezeko la besi nalo liondoe.

Sasa sauti. Fungua sehemu ya nne, nenda dakika ya mwisho, weka sauti iwe ya nguvu lakini isiumize, kisha usiiguse tena. Wengi huanza kuipima pale muziki unapokuwa mdogo, wakaipandisha, kisha tarumbeta zikaingia wakavua hedifoni kwa ghadhabu.

Kuhusu bando: kwa ubora wa kilobiti 160 kwa sekunde, dakika 40 hula kama MB 48. Kwa kilobiti 320 ni kama MB 96. Kwa ubora wa CD usiopunguzwa, uliofungashwa kwa FLAC, tarajia kama MB 200. Kwa hedifoni ya kawaida tofauti ya 160 na 320 utaisikia kidogo, hasa kwenye fidla nyingi na matoazi. Ya 320 na FLAC huenda usiisikie kabisa. Chagua 320, pakua ukiwa kwenye Wi-Fi, halafu sikiliza bila intaneti. Utasikiliza kazi hii mara nyingi, na kuivuta upya kila mara ni kuchoma pesa.

Hatua ya 2: Tafuta rekodi yenyewe, si jina tu

Hapa ndipo watu wengi hukwama. Programu za muziki zilijengwa kwa msanii mmoja na wimbo mmoja. Simfoni ina mtunzi, okestra, kondakta, na sehemu nne, na kila kampuni hujaza nafasi ya "msanii" kivyake. Usiandike "Florence Price" peke yake. Andika jina la ukoo la mtunzi, aina ya kazi, na kondakta: "Price Symphony Jeter", kwa mfano.

Rekodi mbili za kuanzia ni hizi. Ya kwanza ni ya Fort Smith Symphony, okestra ya huko huko Arkansas, ikiongozwa na John Jeter; ilitolewa na Naxos mwaka 2019, ikiwa na Simfoni ya 1 na ya 4. Ya pili ni ya Philadelphia Orchestra chini ya Yannick Nézet-Séguin, iliyotolewa na Deutsche Grammophon mwaka 2021, Simfoni ya 1 na ya 3, nayo ilipata tuzo ya Grammy ya okestra mwaka 2022.

Hakikisha una vipande vinne, I hadi IV, na kwamba ni vya simfoni moja. Mtego upo kwenye kipande cha tatu: katika Simfoni ya 1, ya 3 na ya 4, Price aliita sehemu ya tatu kwa jina la juba. Ukigusa "Juba" ya kwanza unayoiona, unaweza ukasikiliza wiki nzima simfoni nyingine. Angalia ufunguo, yaani noti ambayo kazi imejengwa juu yake: ya 1 ni E minor, ya 3 ni C minor, ya 4 ni D minor.

Funguo zenyewe huandikwa kwa lugha ya nchi ya kampuni. E minor kwa Kijerumani ni "e-Moll", kwa Kifaransa "mi mineur". Wajerumani wana la ziada linalochanganya: "H" yao ni B ya kawaida, na "B" yao ni B iliyoshushwa nusu. Kwa hiyo "h-Moll" si kosa la uchapaji. Majina ya watu nayo hubadilika. Mtunzi Mieczysław Weinberg utamkuta pia kama Vainberg na Wajnberg, na jina la kwanza Moisey. Ukikosa kwa tahajia moja, jaribu nyingine kabla ya kusema hayupo.

Asiye na usajili wa kulipia anaweza kutumia YouTube, ambako kampuni huweka albamu nzima kwenye chaneli zenye neno "Topic" baada ya jina. Ni halali na ni bure, ila tangazo linaweza kuingia kati ya sehemu ya kwanza na ya pili, pale hasa ulipohitaji ukimya.

Hatua ya 3: Sikiliza kwa kuanzia katikati

Siku ya kwanza usisikilize simfoni nzima. Sikiliza sehemu ya tatu tu, Juba Dance, mara mbili mfululizo. Haifiki dakika 4.

Juba hii haihusiani na mji mkuu wa Sudan Kusini. Ni dansi ya Waafrika waliokuwa watumwa kusini mwa Marekani: walipiga makofi, mapaja, kifua na ardhi, mwili ukashika kazi ya ngoma pale ngoma zilipokatazwa. Price aliiweka mahali ambapo simfoni za Ulaya huweka dansi ya kasri la kifalme au skerzo, kipande chepesi cha mbio.

Fanya hivi. Piga mguu chini mpigo sawa, moja, mbili, moja, mbili, na uutunze. Sikia nyuzi zinazodonolewa kwa kidole: hizo ziko pamoja na mguu wako, zinashika nafasi ya banjo. Kisha sikia wimbo wa fidla juu yake. Mkazo wake unaangukia kati ya mguu na mguu, kama mpiga makofi wa pili anayejibu wa kwanza. Mguu ukianza kumfuata fidla, umepotea. Rudisha sekunde kumi uanze tena. Mara ya pili tegea filimbi ya kuteleza, ile ya kuvuta inayopandisha sauti kama mluzi wa mtoto. Kwenye simfoni ya mwaka 1932 hicho ni kichekesho kilichokusudiwa, wala aibu haimo.

Siku ya tatu nenda sehemu ya pili, Largo. Ni kama dakika 13 na ni ya polepole, kwa hiyo kaa. Ukiwa ndani ya daladala ngoma zake laini zitamezwa na injini. Inaanza na vyombo vya shaba peke yao vikiimba kama kwaya, sauti kumi, wimbo wa kidini ambao Price aliutunga mwenyewe. Aliyewahi kuimba kwaya ya kanisa ataujua mwendo huu mara moja: fungu, pumzi, fungu. Kazi yako ni moja: tambua nani anajibu kila fungu linapoisha. Kuna ngoma, kuna vyombo vya kupuliza vya mbao, na karibu na mwisho kengele kama za kanisa zinalia huku klarineti zikikimbia juu na chini.

Siku ya tano, sehemu ya kwanza, ndefu kuliko zote, kama dakika 17. Wengi huachia hapa kwa sababu hawajui wasubiri nini. Shika nyimbo mbili tu. Wa kwanza unaletwa mwanzoni kabisa na basuni, chombo kirefu cha kupuliza chenye sauti nzito kidogo kama mtu anayezungumza puani. Wa pili unakuja baadaye, mtulivu, kwa honi, ile pembe ya shaba iliyojiviringisha. Kila baada ya dakika chache jiulize: huyu ni wa kwanza, wa pili, au ni vipande vyao vimevunjwa na kuchanganywa? Katikati utakuta vurugu hiyo, kisha wa kwanza unarudi. Ukiutambua unaporudi, umeshaelewa umbo la sehemu nzima bila kusoma kitabu.

Sehemu ya nne ni fupi na ya mbio, noti tatutatu zikipanda na kushuka bila kupumzika. Haihitaji maelekezo.

Siku ya saba sikiliza zote nne kwa mfuatano.

Hatua ya 4: Soma kijitabu baada ya kusikia

Albamu nyingi za klasiki huja na kijitabu. Naxos, Chandos, BIS na Hyperion huviweka mtandaoni, mara nyingi bure. Kisome baada ya kusikia mara mbili. Ukianza nacho utasikia yale tu uliyoambiwa. Karibu kila mwandishi atakutajia Simfoni ya 9 ya Dvořák, mtunzi Mcheki, yenye ufunguo huohuo wa E minor, na kuanzia hapo utamtafuta Dvořák kila kona na Price utamwacha nje. Kufanana kupo, ni kweli.

Katika kijitabu tafuta mambo matatu. Nota zimetoka wapi? Simfoni ya 1 na ya 3 zilichapwa mwaka 2008 na A-R Editions, zikihaririwa na Rae Linda Brown na Wayne Shirley. Kabla ya hapo okestra zilitegemea maandishi ya mkono, na maandishi ya mkono yana makosa. Je, kuna mkono wa mtu mwingine? Konseto ya piano ya Price ilirekodiwa mwaka 2011 kwa mpangilio wa okestra uliojengwa upya na Trevor Weston, kwa sababu wa asili ulikuwa haujapatikana. Ukiisikia rekodi hiyo, rangi za vyombo ni makisio ya mtu mwingine, yaliyofanywa kwa uangalifu. Na rekodi imefanyiwa ukumbini mbele ya watu, au studio? Kikohozi unachokisikia huenda si hedifoni yako.

Maneno "rekodi ya kwanza duniani" kwenye jalada yapokee kwa heshima na tahadhari. Yanasema ni ya kwanza, hayasemi ni nzuri. Wanamuziki wanaorekodi kazi mpya kwao hawana desturi ya kuiegemea. Mara nyingi wamekuwa nayo siku chache tu. Usimhukumu mtunzi kwa rekodi moja.

Hatua ya 5: Linganisha mbili

Chagua dakika mbili, zilezile katika rekodi zote mbili. Mwanzo wa Largo unafaa, kwa sababu ni shaba tupu na hakuna pa kujificha. Kwanza sawazisha sauti kwa sikio. Hatua hii watu huiruka, nayo ndiyo huamua kila kitu: yenye sauti kubwa zaidi, hata kwa kiasi kidogo sana, itaonekana bora, na utasifia kitufe cha simu badala ya okestra.

Sikiliza ya kwanza, ya pili, ya kwanza tena. Andika kitu kimoja kila mara. Mfano wa ukurasa wa daftari:

*Price, Simfoni 1, II, mwanzo. Rekodi A: pumzi kati ya mafungu ni ndefu. Ngoma iko mbali. Rekodi B: shaba zimeungana kama sauti moja, mwendo ___. Swali: kipi kinafanana na watu wanaoimba?*

Okestra kubwa ina nyuzi nyingi zaidi na shaba laini. Ndogo huacha kila chombo kionekane, na dansi huweza kukaa vizuri zaidi miguuni. Hakuna sheria kwamba yenye tuzo ndiyo utakayoirudia. Ukisikia tofauti ya noti yenyewe, si mwendo tu, angalia kama wametumia nota tofauti kabla ya kusema mtu amekosea.

Hatua ya 6: Toka nje kwa njia tatu

Usifuate mapendekezo ya programu. Kutoka Price yatakurudisha kwa Dvořák, na kutoka kwa Dvořák hadi Mozart ni hatua mbili.

Njia ya majirani ndiyo tajiri zaidi. William Grant Still alikulia Little Rock pia, na Afro-American Symphony yake ilipigwa mara ya kwanza mwaka 1931. William Dawson alitoa Negro Folk Symphony mwaka 1934 kwa Philadelphia Orchestra chini ya Leopold Stokowski. Okestra hiyohiyo na Nézet-Séguin wameirekodi pamoja na Simfoni ya 4 ya Price, albamu ya mwaka 2023. Margaret Bonds alikuwa mwanafunzi wa Price. Ukivuka bahari kuna Samuel Coleridge-Taylor, mzaliwa wa London, mtoto wa daktari kutoka Sierra Leone, aliyefariki mwaka 1912 akiwa na miaka 37. Okestra ya Chineke!, iliyoanzishwa na Chi-chi Nwanoku mwaka 2015, imemrekodi.

Njia ya pili ni lebo, yaani kampuni zinazotoa rekodi. Lebo ndogo zina ladha kama maduka ya kanga. CPO ya Ujerumani hupenda kumaliza: mtunzi akishaanza, wanatoa simfoni zake moja baada ya nyingine, kama walivyofanya kwa Emilie Mayer, au kwa kwarteti zote 17 za Weinberg, kazi za nyuzi nne, zilizopigwa na Quatuor Danel. Hyperion ilianza mfululizo wa konseto za piano, hasa za karne ya 19, mwaka 1991 na umepita albamu 80. Katalogi yake haikuwa kwenye huduma za kusikiliza mtandaoni hadi mwaka 2023, kwa hiyo kama uliwahi kuitafuta ukakosa, tafuta tena. Toccata Classics ya London hushughulika karibu tu na wale ambao hujawahi kuwasikia. Fungua orodha ya lebo, panga kwa tarehe, chagua jina moja usilolijua. Albamu mpya hutoka Ijumaa.

Ya tatu ni mpigaji. Ukimpenda kondakta, angalia amerekodi nini kingine kisichojulikana. Mtu aliyehangaika na Price mara nyingi ana mwingine mfukoni. Jeter aliendelea na Simfoni ya 3, safari hii na okestra ya redio ya Vienna.

Ukitaka kusoma huku unasikia, mtunzi aliyefariki karne ya 19 ni rahisi zaidi, kwa sababu nota nyingi za wakati huo zipo bure kwenye IMSLP, maktaba ya nota ya mtandaoni. Louise Farrenc (1804–1875), aliyefundisha piano Conservatoire ya Paris, chuo cha muziki, kwa miaka 30 hivi, ni pa kuanzia: Simfoni yake ya 3 katika G minor ina rekodi mpya kadhaa, mojawapo ya Insula Orchestra na Laurence Equilbey. Anayejua sol-fa tu asiogope. Chagua mstari mmoja, wa fidla ya kwanza, ulio juu katika kundi la nyuzi, fuata umbo lake likipanda na kushuka kwa kidole, bila kujaribu kusoma kila noti. Ukipotea, subiri palipo na kimya cha wote. Kwenye karatasi panaonekana kama safu nzima ya alama za kupumzika, na utaupata tena mstari wako hapo.

Mambo yanapogoma

Kama hukumbuki wimbo wowote baada ya mara tatu, umesikiliza vipande virefu mno. Rudi kwenye dakika tatu.

Kama muziki unakatika kati ya vipande pale ambapo haupaswi, faili zimepakuliwa kwa programu isiyoweza kuunganisha. Badilisha kichezeshi, au sikiliza CD.

Kama kila kitu kinasikika kama filamu, ni kwa sababu watunzi wa filamu wamechota sana huko. Sikiliza kwanza kazi za watu wachache, kwarteti au piano peke yake. Vyombo vinne havikuzidi nguvu.

Na kama umeisikia kazi mara nne katika rekodi mbili na bado haikuvutii, iache. Iandike daftarini na tarehe, uende kwa mwingine. Zingine zilisahaulika kwa sababu nzuri tu.